Difu ya Bei Ghali Haimvushi Mtu Daraja la Nithi

Hivi majuzi alinijia kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili miaka mingi iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa Fizikia katika shule moja ya upili karibu na Runyenjes. Hakuja kuniamkua tu. Baada ya chai, na baada ya kuulizana hali za wazee na habari za mvua, alitoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa kwa uangalifu, akazitandaza mezani kama mtu anayetandaza hati za shamba. Zilikuwa picha za magari mawili ya aina moja, Mazda Roadster, yaliyoagizwa kutoka Japani na kuegeshwa katika yadi moja mjini Mombasa. Yote mawili yalikuwa ya viti viwili, yenye paa la kukunjwa, mekundu kama pilipili.

"Mwalimu," akaniambia, "mkopo wa chama cha ushirika nimekwisha kuupata. Hili hapa lina kila kitu. Hili jingine ni tupu, na bei yake ni nafuu. Lakini wenzangu wote wananiambia kwamba mtu mwenye akili hanunui gari la mbio lisilo na difu ya kubana. Wewe waonaje?"

Wapo wasomaji watakaouliza mara moja mwalimu wa Embu ana haja gani na gari la mbio, ilhali Probox ipo na inabeba magunia. Swali hilo silijibu. Mwalimu amefanya kazi, amekopa kwa jina lake, naye atalipa kwa jasho lake. Wenzake wengine hununua ng'ombe wa maziwa wasiojua kuwakama, na hakuna anayewauliza. Lililonishughulisha ni jambo jingine: kwamba kijana aliyesomea Fizikia alikuwa tayari kulipa nyongeza inayokaribia mishahara yake ya miezi saba kwa sababu ya neno alilolisikia barazani, na kwamba neno hilo hakuna hata mmoja kati yao aliyelipima kwa barabara anayoipita kila siku.

Basi tulipime.

Difrenshali, ambayo mafundi wa jua kali huiita difu tu, ni lile furushi la gia lililo kati ya magurudumu mawili yanayosukuma gari. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu hayo yazunguke kwa kasi tofauti. Gari likipinda, gurudumu la nje husafiri mbali zaidi kuliko la ndani. Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, hesabu yake ni nyepesi na ina jambo la kustaajabisha. Tuseme magurudumu yameachana kwa mita 1.5, na gari limegeuka nusu duara. Gurudumu la nje litakuwa limesafiri mita 4.7 zaidi ya la ndani, yaani 1.5 mara pai. Kona ikiwa pana au ikiwa nyembamba, jibu ni lile lile. Nusu kipenyo cha kona hujifuta chenyewe katika hesabu. Kama magurudumu yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, mita hizo zingelipwa kwa kusaga tairi juu ya lami. Mfaransa mmoja mtengenezaji wa saa, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyeipatia hakimiliki difu ya aina hii katika miaka ya 1820, kabla hata ya motokaa kuwako.

Lakini difu ya kawaida ina udhaifu wake. Hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa pande zote mbili, na usawa huo ndio unaoitia aibu. Gurudumu moja likikanyaga matope yasiyoweza kustahimili zaidi ya nyutoni-mita 100, basi na lile jingine, hata kama limesimama juu ya mwamba, litapata 100 zile zile. Injini itanguruma, gurudumu la matopeni litazunguka kama pia, na gari litasimama pale pale. Difu ya kubana imeundwa ili kuupunguza udhaifu huo. Ndani yake mna sahani zinazosuguana, au gia zilizopindwa kwa ustadi, ambazo hukataa gurudumu moja lisizunguke bure na kulipeleka jingine sehemu kubwa zaidi ya nguvu. Magari ya mbio ya Auto Union ya Ujerumani yalikuwa na kifaa cha namna hiyo katika miaka ya 1930, kwa sababu injini zao zilikuwa na nguvu kupita uwezo wa tairi za nyuma. Kwa hiyo kifaa chenyewe si uongo wa wachuuzi. Ni kifaa cha kweli, kilichozaliwa na tatizo la kweli.

Swali ni kama tatizo hilo ndilo letu.

Anayeijua barabara ya Embu kwenda Meru anajua imekaaje. Mito yote inayotoka Mlima Kenya upande wa mashariki hushuka kwenda Tana, na barabara hii inaikata mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana safari nzima ni kupanda na kushuka: unateremka kwenye bonde, unavuka daraja, unapanda, unapumua kidogo katika kituo cha soko, kisha unateremka tena. Thuci, Nithi, na mingine mingi midogo kwa mikubwa. Pikapu za miraa kutoka Nyambene huikimbilia njia hii kuelekea Nairobi kwa sababu miraa ikinyauka ni hasara tupu, na mbele ya pikapu hizo kila dereva hujikunja pembeni. Kati ya Chuka na Nkubu ndipo lilipo daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likisafiri kutoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni kutoka daraja hilo, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kuwaliza watu.

Sasa tazama. Difu ya kubana hufanya kazi pale dereva anapokanyaga mafuta. Humsaidia kutoka katika kona kwa kasi kubwa zaidi kuliko yule asiyekuwa nayo. Nithi haiwaui wanaotoka konani. Huwaua wanaoingia. Inawaua wanaofika chini ya mteremko wakiwa na kasi ambayo breki haziwezi kuimeza, na difu iwayo yote haiongezi breki hata chembe. Nilimwambia kijana wangu achukue kalamu. Gari la kilo 1,100 pamoja na waliomo, likishuka mita 100 za kimo bila kuongeza kasi, linapaswa kupoteza nishati inayozidi kidogo jouli milioni moja. Nishati hiyo haiendi mbinguni. Dereva asipotumia gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya mzigo, karibu yote hugeuka kuwa joto katika breki: joto la kutosha kuchemsha lita tatu za maji. Ukiyazingatia hayo, utaelewa kwa nini mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi bila kubadilishwa, yakiwa yamefyonza unyevu wa hewa, huchemka ndani ya mabomba na kukiacha kikanyagio kikizama kama kilichokanyaga uji. Mafuta mapya ya breki ni bei ndogo mno ukiilinganisha na difu.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akanirudi kwa hoja ambayo nilikuwa nikiisubiri. "Na matope, Mwalimu? Shule yetu iko juu, karibu na majani-chai. Mwezi wa Aprili hata pikipiki hulala."

Ni kweli. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, unaozaa chai na kahawa nzuri, hugeuka sabuni mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, na tena zile za Oktoba hadi Desemba. Hapo kweli gurudumu moja huzunguka bure na difu ya kawaida huonyesha aibu yake yote. Lakini gari hilo la kijana lina nafasi isiyofika sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Kabla gurudumu halijaanza kuteleza, tumbo litakuwa limekwisha kulala juu ya tuta la katikati ya njia, na gari lililolalia tumbo halisukumwi na difu. Husukumwa na vijana sita na shilingi mia mbili mbili. Isitoshe, barabara zetu za udongo zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke mitaroni. Katika barabara ya namna hiyo, gari lenye difu iliyobana, magurudumu yake yote mawili ya nyuma yakianza kuteleza kwa pamoja, hukosa kitu cha kuushikilia mkia, nao mkia hushuka taratibu kuufuata mtaro. Lile la difu ya kawaida hukwama, naam, lakini aghalabu hukwama papo hapo lilipo. Gurudumu moja limeshindwa, jingine bado limeishika ardhi.

Jambo hilo hilo huonekana kwenye lami iliyoloa, hasa mahali malori ya mawe na matrekta ya shambani yanapotoka katika njia za udongo na kuacha matope barabarani. Dereva mgeni akikanyaga mafuta kwa pupa konani, difu ya kawaida humwonya: gurudumu la ndani linalia, nguvu inapotea, gari linapunguza hamaki lenyewe. Difu ya kubana haimwonyi mapema hivyo. Hushika, hushika, kisha huachia pande zote mbili, na gari huzunguka likamtazamisha alikotoka. Kwa dereva aliyefundishwa, hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa aliyepata leseni jana, ni msiba. Na magari mengi ya siku hizi, hata yale tupu, yana mfumo wa kompyuta unaolifunga breki gurudumu linalozunguka bure, kazi ambayo madereva wa zamani waliifanya kwa kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo huku wakikanyaga mafuta polepole. Waliokwama wakajikwamua kwa hila hiyo bado wapo; waulizwe.

Kuna upotovu mwingine nilioukuta katika hoja za barazani: imani kwamba gari tupu ni gari lililopunguzwa, kana kwamba kiwandani walilitengeneza kamili kisha wakaling'oa viungo ili maskini naye apate. Roadster ya kizazi cha nne ilipoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2015, daraja lake la chini kabisa, liitwalo S, lilikuwa ndilo jepesi kuliko yote: kilo 990. Lina injini ya lita 1.5 na gia sita za mkono. Halina difu ya kubana, wala halina kile chuma cha nyuma kinachozuia gari lisilale upande konani. Vitu hivyo viliachwa kwa makusudi, na wahunzi wa gari hilo wakauacha mwili wake uwe laini na mwepesi, ili dereva auhisi uzito ukihama kutoka gurudumu hadi gurudumu. Si wachache wanaolipenda daraja hilo kuliko yaliyo juu yake, hata wale wenye fedha za kununua lolote. Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi naongeza kwamba jembe jepesi halimwaibishi mkulima.

Nchi hii haikosi ushahidi wa madereva waliofika kwa sababu ya mikono yao. Safari Rally ya zamani, iliyozaliwa mwaka wa 1953, ilikuwa ikipita barabara za umma, nazo njia za kuuzunguka Mlima Kenya, Embu na Meru zikiwemo, zilikuwa miongoni mwa zile zilizoogopwa mvua zikinyesha. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika 7. Mwaka wa 1968 mvua ikarudi na hesabu ya waliofika ikawa 7 tena. Miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari la familia, ambalo ndugu zake wa barabarani walikuwa wakibeba abiria na kuku kila siku. Volkswagen, ile tuliyoiita kobe, ilikuwa imeshinda mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Joginder Singh alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumiwa katika mashindano na wengine kabla yake. Bila shaka magari ya mashindano huimarishwa, na Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka wa 1994 katika Subaru Impreza, hakuwa akiendesha gari la kwenda sokoni. Aliyeingia mashindanoni na atafute kila kifaa kinachoruhusiwa, difu ya kubana ikiwa ya kwanza. Nisingemshauri vinginevyo. Lakini vijana wetu wa mjini Meru na Embu wanaobandika nembo za Impreza ya mashindano kwenye Impreza ya kawaida wamejifunza kutoka kwa Njiru kitu kimoja tu, yaani rangi ya gari.

Nilimshauri anunue lile tupu. Kisha tukahesabu tofauti ya bei itakwenda wapi, kwa maana fedha iliyookolewa bila kupangiwa kazi huliwa na harusi za watu.

Kwanza, tairi nne mpya. Ninasisitiza mpya. Zile za mtumba zilizopangwa kando ya barabara, ziking'aa kwa rangi nyeusi ya kupakwa, huenda zina mistari mirefu na mpira uliokufa. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kila nguvu ya injini, ya breki na ya usukani hupita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, kabla ya kufika barabarani. Difu ya bei ghali juu ya tairi mbovu ni kama koti la suti juu ya miguu mitupu. Pili, pedi za breki na mafuta yake. Tatu, siku kadhaa na mwalimu wa udereva mwenye subira, mahali pa wazi pasipo na watoto, ajifunze gari linateleza vipi kabla halijateleza lenyewe. Hapo kijana alicheka, akasema hajawahi kusikia mwenye leseni akirudi shule. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hurudi chuoni kila likizo kusoma mtaala mpya.

Ninajua yatakayosemwa. Siku ya kuliuza, mnunuzi atauliza habari za difu, na lile tupu litashuka bei. Ni kweli, litashuka. Lakini lilinunuliwa kwa bei ya chini vile vile, na riba ya mkopo haikutozwa juu ya kitu kisichotumika. Yatasemwa pia kwamba kijana atakuja kuipenda kasi, naye atajuta. Huenda. Siku hiyo ikifika, difu hununuliwa na kufungwa na fundi. Mikono iliyozoea kubebwa na chombo haibadilishwi kwa urahisi kama huo.

Nalimwonya juu ya jambo moja la yadini. Muuzaji atasema lolote kuhusu kilichomo ndani ya difu, kwa kuwa hakuna anayeifungua. Basi mwombe aliinue gari mpaka magurudumu yote mawili ya nyuma yawe hewani, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imeachiwa, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, aghalabu hiyo ni difu ya kawaida, hata kama karatasi imeandika maajabu. Mtu asilipie kubana kusikokuwepo.

Jaribio hilo lilimfurahisha kuliko gari lenyewe. Alirudi shuleni, akamwomba mwenye tuktuk mmoja wa sokoni, ambayo nayo ina difu, ailete uani baada ya masomo. Waliiinua kwa matofali. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alizungusha gurudumu la kulia mbele, la kushoto likaenda nyuma, darasa zima likapiga kelele, na mwenye tuktuk, ambaye ameendesha chombo hicho kwa miaka mingi, akainama chini kutazama alichokuwa amekikalia siku zote.

Gari lilifika Embu wiki tatu baadaye. Nimelipanda mara moja, hadi Chuka na kurudi. Tulipokuwa tukishuka kuelekea Thuci alitia gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikanung'unika, pikapu ya miraa ikatupita kwa kishindo na honi ndefu. Hakuifuata.